Kufunga sensa ndogo mahali pasipoingia mkono

Saa nane za usiku, mashine ya kufungasha sabuni ya unga imesimama. Mwendeshaji ananipokea mlangoni: "Shikamoo fundi. Sensa ya taya imekufa tena." Kilichoniuma ni hilo neno la mwisho, tena. Ilikuwa ya tatu ndani ya miezi miwili. Kila mara tuliagiza ileile, tukaifunga palepale, ikafa vilevile. Usiku ule niliitoa, nikaiweka mezani, nikaipa umeme nikiwa nimeshika waya kwa vidole viwili. Nikiukunja hivi, taa inawaka. Nikiukunja vile, inazima. Sensa yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Waya ndio uliokatika ndani ya ganda lake, sentimita mbili kutoka kwenye mwili, pale ulipolazimishwa kupinda ili upite nyuma ya silinda. Zile mbili za mwanzo tulishazitupa, na nadhani nazo zilikuwa nzima.

Tangu hapo, nafasi finyu naipima mara tatu: nafasi ya mwili wa sensa, nafasi ya waya wake, na nafasi ya mkono wa mtu atakayekuja kuibadilisha. Wengi wetu tunapima ya kwanza tu.

Mwongozo huu ni wa fundi au mwanafunzi wa ufundi anayetakiwa kufunga sensa ndogo ndani ya mashine. (Si ile sensa ya watu na makazi. Vitabuni wanaiita kihisi, ila ukitaja kihisi stoo utaulizwa mara mbili unataka nini.) Nitatumia taya za mashine hiyohiyo ya sabuni (zile zinazobana pakiti na kuifunga kwa joto) kama mfano, kwa sababu zina kila shida kwa pamoja: joto, vumbi linaloganda, mtikisiko, alumini kila upande, na nafasi ya milimita kumi na nne tu kati ya fremu ya taya na silinda inayoisukuma.

Hatua ya 1: Zima, funga kufuli, toa hewa

Zima swichi kuu ya mashine, weka kufuli lako na ufunguo uwe mfukoni mwako. Kisha funga valvu ya hewa na uachie hewa iliyobaki kwenye mabomba. Hili la pili ndilo linalosahaulika. Umeme ukizimwa, silinda bado ina hewa ndani, na ukigusa valvu kwa bahati mbaya taya zinafunga. Taya zenyewe zinafanya kazi kwenye joto linalopita nyuzi 130 za Selsiasi, kwa hiyo subiri zipoe kabla ya kuingiza mkono.

Na tuelewane mapema: sensa ninazozieleza hapa zinaiambia mashine kitu kiko wapi. Hazilindi vidole vya mtu. Kifuniko cha mbele kina swichi zake maalumu za usalama, na hakuna sensa ya kawaida, hata iwe ya bei gani, inayoruhusiwa kukaa badala yake. Ukikuta mtu ameunganisha hivyo ili mashine iende haraka, irudishe ilivyokuwa kabla hujafanya kazi nyingine yoyote.

Hatua ya 2: Jiulize unataka kujua nini hasa

Swali linaonekana la kitoto, lakini hapa ndipo kazi inapoharibikia. "Nataka kujua kama taya zimefunga." Sawa. Je, unataka kujua kama taya zimefunga, au kama silinda imesukuma?

Pistoni nyingi za silinda za hewa zina sumaku ndani, na ganda la nje ni la alumini lenye mifereji. Kuna sensa nyembamba kama njiti nene ya kiberiti inayoteleza ndani ya mfereji huo, ukaikaza kwa skrubu moja, na inaiona sumaku ya pistoni kupitia alumini. Haichukui nafasi yoyote ya ziada kwenye mashine. Kama silinda yako ina mfereji na kazi yako ni kujua imefika mwisho wa safari, ishia hapo, usitoboe tundu lolote.

Kwenye taya zetu, hata hivyo, kati ya silinda na taya kuna pini na mkono wa kuunganisha. Pini ikikatika, silinda itakwenda mwisho, sensa yake itasema tayari, na taya zitabaki wazi. Sabuni itamwagika sakafuni huku PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, ikiamini kila kitu kiko shwari. Kwa hiyo hapa tunataka kuiona taya yenyewe, na ndiyo maana tunahangaika na milimita kumi na nne.

Hatua ya 3: Pima mara tatu

Chukua venia (kile kipimio cha milimita chenye taya), kipande cha karatasi na kalamu. Chora pale mahali kwa ubavu na kwa juu.

Mwili kwanza. Sensa za mviringo zenye uzi wa skrubu zinatajwa kwa kipenyo: M5, M8, M12, M18. Kuna na zisizo na uzi zenye kipenyo cha milimita 3 au 4, na zile za pembe nne, mfano milimita 5 kwa 5 au 8 kwa 8. Angalia urefu kabla ya kipenyo. M8 ya kawaida yenye plagi nyuma inafika milimita 50 au 60, wakati fupi zake zinashuka karibu nusu ya hapo. Angalia pia uso unaoona uko upande gani. Za pembe nne nyingine zinaona kwa ubavu na waya ukatokea nyuma, jambo linalookoa sana kwenye mwanya mwembamba. Kwenye milimita zetu kumi na nne, M8 ingelazimika kusimama wima kuelekea taya na ingegonga silinda kwa mkia wake. Ya pembe nne inayoona kwa ubavu ililala bapa na ikabaki na milimita sita.

Waya pili. Ukisoma urefu wa sensa kwenye datashiti, yaani karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, ongeza urefu wa plagi, kisha ongeza mpindo. Plagi iliyonyooka ya M8 inakula sentimita tatu hivi. Iliyopinda pembe mraba inakula kidogo, lakini angalia itaelekea wapi ikishakazwa, kwa sababu nyingi huwezi kuzigeuza baadaye. Kwa mpindo, kanuni ya kawaida ni kwamba waya uliotulia haupindwi kwa nusu kipenyo iliyo chini ya mara tano ya unene wake, na ule unaotembea na mashine, mara kumi. Waya wa milimita 3 unaotembea na taya unahitaji mpindo wa milimita 30. Wetu tulikuwa tumeukunja kama karatasi ya maandazi.

Kipimo cha tatu ni mkono. Ingiza spana utakayotumia, uizungushe. Kama spana inazunguka robo ya njia tu halafu inagonga, kubadilisha sensa moja kutachukua nusu saa na kutamgharimu mtu ngozi ya vidole. Ikibidi, tengeneza kibati cha kushikia sensa ambacho kinatoka chote kwa skrubu mbili zinazofikika kutoka nje. Sensa unaifunga kwenye kibati ukiwa mezani, halafu kibati kinaingia kwenye mashine. Kwa maoni yangu nusu ya kazi ya nafasi finyu ni hiki kibati.

Hatua ya 4: Chagua aina

Kama unachotaka kukiona ni metali na kiko karibu, tumia ile ya sumakuumeme inayoona metali pekee, ambayo mafundi tunaiita proksi. Ndani yake kuna koili inayotoa uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi. Metali ikikaribia, mikondo midogo ya umeme inazunguka juu ya uso wake na kunyonya nguvu ya koili, na saketi ikihisi hivyo inageuza swichi. Haigusi kitu, haina kinachosagika, na vumbi la sabuni hailioni kabisa. Teknolojia hii ina umri: Walter Pepperl na Wilfried Gehl waliitengeneza mwaka 1958 kule Mannheim, Ujerumani, baada ya kiwanda cha kemikali cha BASF kutaka kitu cha kuchukua nafasi ya vigusio vya kawaida.

Proksi ziko za kuzama na za kutokeza. Ya kuzama inaweza kukaa uso wake ukiwa sawa na metali inayoizunguka. Ya kutokeza inaona mbali zaidi, karibu mara mbili, lakini inataka uwazi kuzunguka kichwa chake. Ukiizamisha kwenye tundu la chuma itaona lile tundu na kuwaka daima. Mahali finyu ni chuma kila upande, kwa hiyo agiza ya kuzama na usitamanishwe na umbali wa ile nyingine.

Kama kitu si metali, mfano pakiti yenyewe ya plastiki, unaingia kwenye sensa za mwanga, yaani macho. Jicho lililo bora ni lenye pande mbili, moja linatuma na jingine linapokea, kwa sababu linapenya hata kukiwa na uchafu kidogo. Kwenye nafasi ndogo pande hizo mbili huja zimeunganishwa tayari kwa umbo la uma, kitu kinapita katikati, na hakuna kuhangaika kulenganisha. Jicho linalotegemea mwanga kurudi kutoka kwenye kitu chenyewe ni rahisi kufunga lakini linadanganywa na fremu ya stenlesi inayong'aa nyuma ya pakiti. Ukilazimika, chukua lile linalopuuza mandharinyuma.

Mahali ambapo hata sensa ya milimita 5 haiingii, kuna faiba, uzi unaopitisha mwanga. Sanduku lenye saketi linakaa kwenye paneli, kwenye reli ileile ya milimita 35 inayobeba relei (swichi zinazoendeshwa na koili ya umeme), na kinachoingia kwenye mashine ni uzi wa plastiki tu wenye kichwa cha M3 au M4. Hakuna umeme kule ndani, kwa hiyo hakuna cha kuungua kwa shoti. Mambo mawili yanaua faiba. La kwanza ni kuikata kwa kisu. Inakuja na kikatio chake chenye matundu, kila tundu ni la kukata mara moja, kwa sababu wembe ukishatumika hapo unaacha ncha iliyochanika na nusu ya mwanga inapotea. La pili ni mpindo. Faiba ya kawaida inataka nusu kipenyo cha milimita 25 hivi, wakati zile laini maalumu zinakubali hata milimita 2. Soma kwenye pakiti ni ipi uliyo nayo. Na kama ni karibu na joto, ya plastiki inaishia nyuzi 70 kwa kawaida. Zaidi ya hapo kuna za kioo.

Sensa za kapasita zinaona karibu kila kitu, na hilo ndilo tatizo lake. Hapa pwani, vumbi la sabuni linanyonya unyevu, linaganda usoni mwa sensa, na sensa inauona ukoko huo kama pakiti. Ziache kwa ajili ya kuona kiwango cha unga ndani ya tangi.

Kwa taya za alumini zenye vumbi na joto tulibaki na proksi ya pembe nne, ya kuzama, inayoona kwa ubavu.

Hatua ya 5: Hesabu umbali wa kweli

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu namba ya kwenye boksi si namba ya kwenye mashine.

Tuseme sensa imeandikwa milimita 2. Hizo ni milimita 2 mbele ya kipande cha chuma cha kawaida, cha mraba, chenye unene wa milimita 1, na upana usiopungua kipenyo cha sensa au mara tatu ya umbali wake, lolote lililo kubwa. Kwa sensa yenye uso wa milimita 8 ni kipande cha 8 kwa 8. Badilisha metali, na umbali unapungua. Stenlesi inakupa takriban 0.7 ya umbali huo, brasi 0.5 au chini yake, alumini karibu 0.4, na shaba 0.3 hivi. Kila datashiti ina jedwali lake, litumie hilo.

Kisha kuna tofauti kati ya sensa na sensa, joto, na volti. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60947-5-2 kinahakikisha utendaji kuanzia sifuri hadi asilimia 81 ya umbali ulioandikwa. Basi taya yetu ya alumini: 2 mara 0.4 ni milimita 0.8. Mara 0.81 inabaki milimita 0.65 hivi.

Milimita 0.65, kwenye taya inayotikisika. Hata unene wa kadi ya benki ni zaidi ya hapo. Ukiiweka karibu hivyo, siku boliti moja ikilegea taya itaipiga sensa usoni. Ndiyo sababu watu wanasema sensa ndogo ni mbovu. Hapana, koili ikipungua ukubwa, umbali unapungua nayo, na alumini ikamaliza kilichobaki.

Dawa yake ni ya bei ya soda. Badala ya kuitazama alumini, tuliweka shabaha ya chuma. Pembeni mwa taya palikuwa na boliti ya M6 ya stenlesi isiyobeba uzito wowote, ilishikilia kibati cha kukinga vumbi. Tuliitoa, tukaweka ya chuma cha kawaida. Kichwa cha boliti ya M6 kina upana wa milimita 10 kwa spana, kwa hiyo kinaufunika uso wa milimita 8 na kubaki. Sasa hesabu ni 2 mara 0.81, yaani milimita 1.6. Tuliweka mwanya wa milimita 1, tukapata akiba ya kutosha pande zote mbili. Boliti hiyo itapata kutu kidogo kwa unyevu wa sabuni. Ipake rangi, rangi haiizuii sensa kuona.

Jambo la mwisho kwenye umbali: sensa haizimi palepale inapowakia. Kitu kinapaswa kurudi nyuma zaidi kidogo, kwa kawaida hadi asilimia 15 au 20 ya umbali, ili taa isipepese kwa mtikisiko. Hakikisha taya ikifunguka inarudi mbali kuliko hapo. Yetu inafunguka sentimita kadhaa, hatukuwa na wasiwasi.

Hatua ya 6: Umeme wake

Kwa sensa za nyaya tatu, kahawia ni chanya, buluu ni hasi, nyeusi ni ishara. Kwenye plagi ya M8 ya pini tatu, pini 1 ni kahawia, 3 buluu, 4 nyeusi. Nyingi zinakubali volti 10 hadi 30 za mkondo mnyoofu, na viwandani tunatumia 24.

Kosa la kila wiki ni PNP na NPN. PNP ikiona kitu inatoa chanya kwenye waya mweusi. NPN ikiona kitu inauvuta waya mweusi hadi hasi. Mashine nyingi za kutoka Ulaya ni PNP. Za kutoka Asia utakuta NPN mara nyingi. Kwenye kiwanda kimoja unaweza kukuta mashine hizi mbili ubavu kwa ubavu na stoo moja ya vipuri, na hapo ndipo unaposikia, "Fundi, taa ya sensa inawaka lakini mashine haioni." Taa ya sensa inakuambia sensa imeona. Kama PLC imesikia, hiyo ni habari nyingine.

Pima kwa mita, kitu kikiwa mbele ya sensa. Kati ya nyeusi na buluu ukipata volti 22 hadi 24, ni PNP na inafanya kazi. Kati ya kahawia na nyeusi ukipata hizohizo, ni NPN. Usiulize rangi ya kava wala aliyeiuza. Niliwahi kununua moja dukani, jina zuri, boksi zuri, imeandikwa PNP ubavuni, na mita ikasema NPN.

Ukiendesha relei moja kwa moja kutoka kwenye sensa, weka dayodi kwenye koili ya relei, na angalia mkondo: sensa ndogo sana nyingi zinaishia miliampea 50 au 100.

Kasi inaingia hapa pia. Taya zetu zinafunga pakiti 40 kwa dakika, yaani sekunde moja na nusu kwa kila pakiti, hakuna sensa itakayoshindwa. Lakini kwenye mashine hiyohiyo kuna gurudumu la meno linalopima urefu wa plastiki. Jino lina upana wa milimita 6 na linapita kwa mita 1.5 kwa sekunde. Gawanya: milisekunde 4. Proksi inaweza kuwaka na kuzima mara elfu moja na zaidi kwa sekunde, haisumbuki. PLC ndiyo inayosumbuka. Siemens S7-1200, kwa mfano, inatoka kiwandani ikiwa na kichujio cha milisekunde 6.4 kwenye kila ingizo, kwa hiyo ishara ya milisekunde 4 inachukuliwa kama kelele na kutupwa. Utabadilisha sensa mpaka uchoke. Punguza kichujio cha ingizo hilo moja, na upeleke ishara kwenye kihesabu cha kasi.

Hatua ya 7: Funga

Safisha tundu, hakikisha hakuna chenga za chuma kutoka kwenye drili, maana proksi itaziona. Ifunge sensa kwenye kibati mezani. Nati za sensa ndogo hazitaki misuli: za M5 ni karibu nyutoni-mita moja na nusu, zaidi ya hapo unavunja uzi au unabana mwili na koili iliyo ndani. Kama huna spana ya kupimia, kaza kwa vidole kisha ongeza robo mzunguko kwa spana fupi. Usitumie koleo.

Kuweka mwanya, tumia vibati vya kupimia au kitu chochote ambacho venia imekuthibitishia unene wake, kisicho cha metali ikiwezekana, ili taa isikuchanganye. Funga taya kwa mkono, weka kibati cha milimita 1 katikati, sogeza sensa iguse, kaza, toa.

Sensa iwe pembeni mwa njia ya taya, kitu kipite mbele ya uso wake, kisije kikiilenga usoni. Ukifunga hivi, siku kizuizi cha mwendo kikilegea taya itapita bila kuigonga. Na kama unafunga mbili jirani, za kuzama, acha angalau kipenyo kimoja kati yao. Zinazotazamana uso kwa uso zinataka nafasi kubwa zaidi, kwa sababu koili zao zinasikiana na zote mbili zinaanza kupepesa.

Hatua ya 8: Pitisha waya

Bana waya sentimita tano hadi kumi kutoka kwenye sensa, kwenye sehemu ileile inayotembea na sensa. Mwendo wote ubaki mbele ya kibano hicho, kwenye mpindo mpana, na si pale waya unapotoka mwilini. Hilo peke yake lingetuokolea sensa tatu.

Usiufunge pamoja na waya wa moto wa hita za taya. Usiupitishe bega kwa bega na kebo ya mota inayoendeshwa na kibadilisha kasi. Zikilazimika kuonana, zipishane kama msalaba. Acha urefu wa ziada kidogo karibu na plagi, lakini usiuzungushe kama kamba ya ndoo. Na kwa nafasi finyu, mimi napendelea sensa yenye waya mfupi wa sentimita ishirini na plagi mwishoni, kuliko plagi kwenye mwili wake. Plagi inakaa nje mahali pa wazi, na kubadilisha sensa hakuhitaji kufika hadi kwenye paneli.

Hatua ya 9: Jaribu baridi, kisha jaribu moto

Rudisha umeme bila hewa. Sogeza taya kwa mkono mara ishirini, mtu mmoja akitazama taa ya sensa na mwingine akitazama taa ya ingizo kwenye PLC, kila mmoja akiita kwa sauti. Zikiitika pamoja mara zote ishirini, rudisha hewa, fungeni kifuniko, endesheni taratibu bila sabuni.

Kisha washa hita na usubiri saa nzima. Wengi tunafunga boksi la vifaa na kuondoka kabla ya hapo. Sensa nyingi zinakubali hadi nyuzi 70 tu, na mwanya mfinyu haupitishi hewa. Bandika kipima joto kwenye mwili wa sensa. Yetu ilifika 61, nikasema sawa lakini si kwa raha. Tukaweka kipande cha plastiki ngumu ya kuhimili joto kati ya kibati na fremu ya taya, ikashuka hadi 52. Chuma nacho kikipata moto kinatanuka, kwa hiyo pima mwanya tena kukiwa na joto. Tulikuta milimita 0.9.

Ukiridhika, chora mstari wa rangi unaovuka nati na kibati, ili atakayekuja ajue kwa jicho kama imelegea. Andika namba kamili ya sensa, herufi zote hadi ya mwisho, kwenye karatasi ndani ya mlango wa paneli, na pembeni yake: PNP, mwanya milimita 1, boliti ya shabaha ni ya chuma cha kawaida, usiweke stenlesi. Hilo la boliti sikuliandika siku ile, niliongeza kwa kalamu nyekundu, kwa sababu miezi minne baadaye kijana mmoja mwenye bidii aliiona ina kutu, akaibadilisha kwa nyingine inayong'aa, na saa nane za usiku simu ikaita.